Muulize Keshia: Tembo wa Kenya, tembo wa Tanzania

*Shikamoo mama, nasikia kwenu barua huanza hivyo. Mimi ni mwalimu wa Kisumu. Likizo ya mwezi wa nane nilipanda basi kuja Mwanza kutembea siku nne, maana ziwa hili nimelitazama kutoka upande wetu tu tangu nizaliwe. Nilibeba pesa za Kenya, nikijua sote ni Jumuiya moja. Pale stendi ya Nyamhongolo bodaboda alitaka 5,000 anifikishe mjini. Nikampa noti ya 500 ya Kenya, akaipokea huku anacheka. Mchana nikala sato kando ya ziwa, bili ikaja 15,000. Mhudumu akabonyezabonyeza simu, akasema 1,000 ya Kenya inatosha kabisa. Kesho yake Makoroboi, muuza vitenge akairudisha noti yangu kwa ncha za vidole kama ina kinyesi cha kuku. Huo si ubaguzi? Na mgeni anayetaka kuzunguka mji wenu bila aibu afanyeje?*
Mwalimu, Kisumu

Marahaba mwalimu, na karibu tena. Nianze na huyo wa vitenge, kwa sababu ndiye uliyemkasirikia, na ndiye peke yake ambaye hakukupunja.

Tupige hesabu. Miaka hii ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikipanda na kushuka kati ya 16 na 21 za kwetu. Tuseme siku yako ilikuwa 19. Yule bodaboda aliyecheka alikuwa na sababu ya kucheka: umempa 9,500 kwa safari ya 5,000. Mhudumu wa sato naye amekuhesabia shilingi yako kwa 15, akala 4,000 juu ya samaki, na wewe ukamshukuru. Ukimwuliza atakwambia "hiyo ndiyo reti yetu". Na kweli ni reti yao, wameitunga hapohapo mezani.

Nilikaa nyuma ya kioo cha benki miaka 27 hapa Mwanza, na kama kuna jambo moja ningeandika kwenye kile kioo ni hili: anayekuuzia asiwe ndiye anayekubadilishia. Anayeuza samaki ana bei moja unayoiona kwenye karatasi. Ukimpa na kazi ya kubadilisha, umempa bei ya pili usiyoiona.

Muuza vitenge alikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Tangu mwisho wa Machi 2025 tuna kanuni zinazokataza kutangaza bei, kudai au kulipa kwa fedha ya kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini. Watu walidhani ni dola tu. Hapana, shilingi ya Kenya nayo ni fedha ya kigeni, hata kama inaitwa shilingi na ina tembo. Kuwa nayo mfukoni si kosa, kuibadilisha si kosa. Kosa ni kulipia kitenge.

Ya pili ni ya mtaani, na hii niliijua kabla sijasoma kanuni yoyote. Mama yangu aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nikiwa mtoto alikuwa na makopo mawili chini ya meza, kopo la pesa zetu na kopo la pesa za Kenya. Wanunuzi wa Kisumu na Homa Bay walikuja na noti zao, yeye akazipokea bila wasiwasi, kwa sababu wiki ijayo angewarudishia wenyewe kwa sabuni na mafuta ya kupikia. Jirani yake wa nyanya hakuwa na kopo la pili. Noti ya Kenya ingemfia mkononi. Muuza vitenge wako yuko kama wa nyanya: mzigo wake unatoka Kariakoo, na Kariakoo hawamtaki Mkenya wa karatasi. Kwa hiyo si ubaguzi, mwalimu, ingawa zile ncha za vidole angeweza kutuachia.

Sasa utakapokuja tena. Ukivuka Sirari utawakuta vijana wenye vibunda mkononi wanakuita dada, wifi, shemeji, kabla hata hujashuka. Siwapendekezi. Hawana leseni, na vidole vyao ni vyepesi kuliko mashine yangu ya kuhesabia: anahesabu 20 mbele yako, unapokea 17, tatu zimekunjwa ndani ya kiganja. Tafuta duka la kubadilishia lenye leseni na risiti, badilisha ya nauli na chakula cha njiani, basi. Na popote utakapobadilisha, hesabu zake kabla hujaachia zako.

Pesa kubwa ibadilishe mjini, benki au dukani, siku ya kazi. Usifike Jumapili jioni na noti za Kenya peke yake, utalala na njaa ukiwa tajiri. Pale dirishani utaona ubao wenye safu mbili, kununua na kuuza. Safu ya kununua ndiyo yako, yaani wao wananunua shilingi yako. Wageni wengi husoma ile kubwa wakafurahi bure. Tuseme ubao una 18 na 20. Unatoa 10,000 za Kenya, unapata 180,000. Ukibadili mawazo hapohapo ukataka zako zirudi, unapewa 9,000. Elfu moja imekwenda na hujanunua hata maji. Ndiyo maana usibadilishe zote siku ya kwanza kwa hofu, halafu siku ya nne ukazirudisha. Badilisha kidogokidogo, na zitakazobaki nunua dagaa wa kukaanga uwapelekee nyumbani.

Omba noti ndogo. Keshia akikupa ile 180,000 yote kwa noti za elfu kumi, mrudishie ucheke naye, umwambie unataka za 1,000 na 2,000. Konda wa daladala ukimpa msimbazi asubuhi atakushusha. (Msimbazi ni 10,000, kwa ule wekundu wake, buku ni 1,000, jero ni 500. Najua kwenu buku ni daftari la shule, kwa hiyo ukiambiwa "buku mbili" usifungue begi.)

Kadi yako ya benki ya Kenya, kama ina alama ya kimataifa, itatoa shilingi zetu kwenye mashine, na makato yatakuwepo, ya huku na ya kwenu. Toa mara moja kiasi cha kutosha kuliko mara nne kidogo. Ikitokea mashine ikakuuliza ukatwe kwa shilingi ya Kenya au ya Tanzania, chagua Tanzania. Ni yaleyale ya mhudumu wa sato, safari hii kavaa chuma. Njia nyingine ni simu: M-Pesa ya Kenya hutuma kwenye M-Pesa ya huku, kwa hiyo ukiwa na pasipoti sajili laini ya hapa, jitumie mwenyewe, kisha ulipe kwa lipa namba. Kabla ya kubonyeza soma kiasi atakachopokea upande wa pili, maana reti imefichwa humo.

Mengine utayajua mwenyewe. Nenda Bujora ukaone ngoma za Wasukuma, vuka kwa boti hadi kisiwa cha Saanane ukawatazame pimbi kwenye mawe, na jioni simama upande wa Capri Point ukiangalia Jiwe la Bismarck. Kulitazama ni bure kwa fedha yoyote.

*Bi Keshia, mimi nina kibanda cha chakula Igoma. Dereva wa lori alikula wali na samaki, akanipa 10,000, nikamrudishia chenji 6,000. Usiku binti yangu akaniambia hiyo noti ni ya Uganda. Nimepata hasara kiasi gani, na nifanye nini nayo?*
Mama Lishe, Igoma

Pole mwenzangu. Shilingi ya Uganda ni nyepesi kuliko yetu, si kama ya Kenya. Kwa miaka hii 10,000 yao huwa inafika 7,000 hivi za kwetu, na dirishani watakupa pungufu ya hapo. Chakula 4,000, chenji 6,000. Kwa hiyo ulichopoteza ni 3,000 na zaidi kidogo, pamoja na usingizi. Ipeleke kwa duka la kubadilishia lenye leseni, uliza kwanza kama wananunua za Uganda, maana si wote wanaozitaka. Usiisukume kwa mteja mwingine gizani. Nakuambia kwa sababu najua wazo hilo limeshakupitia.

Usiangalie tarakimu, angalia picha. Noti yetu ya 10,000 ina tembo, ya 5,000 ina kifaru, ya 2,000 ina simba, ya 1,000 ina Mwalimu Nyerere. Sasa kichekesho: sarafu mpya za Kenya zina wanyama haohao, simba kwenye 10, tembo kwenye 20. Tembo wetu anakulipia chakula cha mezani, tembo wao hakumalizi hata soda. Na sarafu za nje usizipokee kabisa, hakuna dirisha nililolifahamu linalozinunua.

Na usiiweke hiyo noti kabatini ikisubiri bei. Oktoba 2019 alikuja dirishani kwangu mzee mmoja wa mitumbwi na bahasha ya noti za 1,000 za Kenya, za zamani, alizokuwa anazitunza kama mahari. Kenya walikuwa wameziua tarehe 30 Septemba, siku chache tu kabla. Alinitazama kama vile ni mimi niliyeziua. Nilimpa kiti, sikuwa na kingine cha kumpa.

*Babu yangu anasema zamani ungeweza kutoka Mwanza hadi Mombasa na Kampala na shilingi ileile mfukoni. Rafiki zangu wanasema anaota. Nani mkweli?*
Kijana, Nyakato

Babu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza 1921. Ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye na Zanzibar. Benki Kuu yetu ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966 na shilingi ya Tanzania ikatoka, Uganda na Kenya nao wakatoa zao mwaka huohuo. Mwanzoni zote tatu zilikuwa sawa, moja kwa moja. Jumuiya ilivunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na kila shilingi ikashika njia yake. Itifaki ya kuwa na sarafu moja tena ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikalengwa 2024, sasa inasemwa 2031. Babu yako asiombe kusubiri.

Mwambie akuonyeshe sarafu za senti kama anazo. Zile za shaba zenye tundu katikati ndizo zenyewe. Usizipeleke benki, keshia wa leo atadhani ni washa ya bomba. Yangu moja ya senti kumi nimeipitishia uzi, inaning'inia kwenye funguo za jikoni.