Kabla Hujafunga Gia ya Spidomita

Jana jioni nilimkuta kijana wetu mmoja hapa gereji, Nakuru, amelala chini ya lori, gia ndogo ya kebo ya spidomita mkononi, ile inayopeleka mzunguko wa propela hadi kwenye sindano ya kasi, yuko tayari kuifunga. Nikamuuliza, "Sindano inadanganya upande gani?" Akanijibu, "Mzee, difu imebadilishwa, lazima na gia ibadilike." Difu ni zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu. Sikuwa nimemuuliza hilo. Nikamwambia atoke chini ya lori, tena kwa ukali, na usiku nikajuta ule ukali. Vijana wangu, ndiyo sababu ninawaandikia.

1. Hesabu meno ya krauni na piniani, gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu, kwa mkono wako, usipokee neno la muuza spea. Kama difu imeshafungwa, inueni magurudumu yote mawili, myazungushe pamoja mzunguko mmoja kamili huku mwenzenu akihesabu mizunguko ya propela, ule mhimili unaotoka giaboksi hadi difu. Mwaka huu pekee nimeletewa jibu la 3.4 badala ya 6.8 mara mbili, kwa sababu mtu aliinua gurudumu moja na kuacha la pili chini. Ukifanya hivyo unapata nusu ya uwiano, yaani ya mizunguko ya propela kwa kila mzunguko wa gurudumu. Mnakumbuka dakika ya kila bao la Gor Mahia, mizunguko saba ya propela inawashinda nini?

2. Jua upande kwanza, hesabu baadaye. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka mingi iliyopita nililetewa lori la mahindi ambalo difu yake ya 41 kwa 6, yaani krauni meno 41 na piniani meno 6, ilikuwa imekatika meno. Mwenyewe akanunua ya 41 kwa 7, nikaifunga vizuri, haikulia hata kidogo. Propela iliyokuwa ikizunguka mara 6.83 kwa kila mzunguko wa gurudumu sasa ikawa inazunguka mara 5.86. Maana yake sindano ikisoma 60, lori liko 70. Gia ya kebo ilikuwa ya meno 21. Ilitakiwa 21 mara 6, gawa kwa 7, yaani meno 18, ili kebo iende mbio zaidi na sindano ipande. Mimi nikasema moyoni: difu imepungua, basi meno yaongezeke. Nikapiga hesabu kinyume, nikapata 24 na nusu, nikafunga ya 24. Gia ya meno mengi huzunguka polepole. Nilichukua uongo nikauongezea uongo: sindano sasa ilisoma 60 lori likiwa 80.

Nililijaribu wapi? Hapahapa mjini, katikati ya matatu na bodaboda. Sindano ilisogea, nikaridhika, nikalipwa.

Dereva wake alikuwa mzee wa rika la baba yangu, mtu aliyeijua barabara ya Kitale kuliko ninavyoijua spana namba kumi na saba. Mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa alikuwa akiushuka kwa 40, gia ileile ya giaboksi miaka yote. Safari hiyo sindano ilisoma 40 kama kawaida, kumbe lori lilikuwa 53. Na kwa difu ile mpya, gia ileile haikushika lori kama zamani, kwa hiyo mzigo wote ukaangukia breki. Zikachemka, zikaanza kutoa moshi, zikaacha kushika. Mzee akalielekeza lori kwenye ukingo wa udongo, likalala ubavu. Hakufa mtu, namshukuru Mungu mpaka leo. Tanboi, msaidizi wake, alivunjika mkono.

Nilipokwenda kuwaona hospitalini, yule mzee alinishika mkono akaniambia, "Fundi, mimi nilikuwa arobaini. Niliiangalia sindano." Alilirudia mara tatu, maana kila mtu alikuwa ameshasema alikimbiza lori. Nikamwambia pole. Nilipofika gereji nilifungua kebo, nikahesabu meno, nikaelewa. Kisha nikanyamaza siku tatu. Siku tatu mzee wa watu akiitwa mzembe, na mimi ninajua. Siku ya nne nilimwendea mwenye lori nikamweleza, halafu nikamwendea mzee. Gharama niliilipa kidogo kidogo, nikaimaliza. Zile siku tatu ndizo zinazonisumbua, kuliko hata ile hesabu.

Kwa hiyo uniambie kwa mdomo kabla hujagusa spana: difu mpya ina uwiano mdogo, propela inazunguka kidogo, sindano inasoma chini ya ukweli, tunataka ipande, meno yapungue. Uwiano ukiwa mkubwa, geuza yote. Useme kwa sauti, hata wateja wakikuangalia.

3. Tairi zikibadilishwa saizi, pima upya: chora alama ya chaki, sukuma lori mzunguko mmoja, pima kwa tepu.

4. Lori lenye sensa kwenye giaboksi, kifaa cha umeme kinachosoma mzunguko badala ya kebo, halina gia ya kubadilisha, linarekebishwa kwa idadi ya mapigo kwa kilomita. Kama kasi inasomwa magurudumuni, difu haikuhusu, usiguse kitu.

5. Jaribu barabarani, mbali na msongamano. Shikilia 60 kwa sindano, kilomita moja iishe kwa sekunde 60. Ikiisha kwa 51, uko 70. Simu yenye GPS pia itakuambia. Na mwangalie gavana, ile mashine inayozuia lori lisipite kasi iliyowekwa: kama inasoma kebo au sensa hiyohiyo, ile iliyowekwa 80 ingeliachia lori langu lile lifike 106 bila kulizuia.

6. Andika kilomita za siku ya kubadilisha difu, umpe dereva. Kama spidomita ilikaa bila kurekebishwa, kwa difu kama ile ya lori la mahindi kila 6 zilizoandikwa ni 7 zilizotembewa, na oili inapitisha muda wake.

Lori la jana bado liko kwenye jeki. Gia ziko mbili mezani, sijasema ipi ni ipi. Kesho kabla ya chai kijana wangu atazihesabu mbele yangu, atachagua moja aniambie kwa nini, kisha mimi na yeye tutalitoa hadi Salgaa, yeye ameshika saa.