Kristali nyepesi si ruhusa ya kumimina

Mdogo wangu mwingine kaja na mapishi ya bia ya pale ale: kilo nzima ya kristali 20 (kimea chenye sukari, kinachotiwa kwa rangi na utamu) kwenye lita 19. Nikamuuliza kwa nini. "Si ni nyepesi tu, kaka?" Wadogo zangu, nawapenda kwa bidii yenu, ila hili linanichosha.

1. Hiyo namba 20 ni ya kipimo cha Lovibond, na inahesabu rangi. Joseph Lovibond, mtengeneza bia wa Uingereza, alipobuni kifaa chake mwaka 1885 alikuwa akilinganisha rangi kwa vioo. Utamu una chanzo kingine: shayiri iliyoota hupashwa moto ingali mbichi, karibu nyuzi 65 hadi 70, wanga ukageuka sukari humo humo ndani ya ganda, ndipo ikaangwe. Kristali 20 imepita njia ile ile ya kristali 80, tofauti iko kwenye ukali wa moto wa mwisho. Ile nyeusi angalau ina uchungu wa sukari iliyoungua wa kuukata utamu. Nyepesi haina kitu cha kuukata, ni asali na tofi moja kwa moja.

2. Soma kopo. Shira ya kimea (sukari ya kimea iliyokwisha kukamuliwa ikawa nzito) ya rangi ya kaharabu kwa kawaida ina kristali tayari.

3. Msiisingizie hamira. Kijana mmoja wa kundi letu alichukua shira hiyo hiyo ya kaharabu, akachovya kilo ya kristali 20 juu yake. Haidromita, kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, ilianza 1.056, ikashuka vizuri, ikasimama 1.020. Akaihamisha ndoo mahali pa joto. Akatia hamira mpya. Akakoroga, tukapiga kelele, maana hewa huiharibu bia iliyokwisha kuchacha. Namba haikusogea, na isingesogea: iliyobaki ilikuwa dekstrini, minyororo mirefu ya sukari ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuila. Mwenye kuloweka kristali pamoja na kimea cha msingi (kile cheupe kinachobeba sehemu kubwa ya bia) anasaidiwa na vimeng'enya vya kile kimea, vinavyokatakata sehemu ya dekstrini hizo. Mwenye kuchovya kristali peke yake hana msaada huo, kwa hiyo kiasi kile kile kinamwachia bia nzito zaidi. Kijana akaongeza hopsi kavu, maua ya kuipa bia harufu, ili kusawazisha, ikawa harufu ya machungwa juu ya sharubati. Iliniuma kumtazama akimwaga, kwa sababu usafi wake, joto lake na hamira yake vyote vilikuwa sawa. Aliponzwa na gramu 750 za ziada tu.

4. Chovya kwa nyuzi 65 hadi 70, nusu saa, utoe mfuko kabla maji hayajachemka. Ukichemsha maganda utapata ukakasi wa chai iliyokaa.

5. Tafuna punje kabla ya kununua. Iliyo nzima na kavu inapasuka kama kioo kisha inakuwa tamu mdomoni, ikiwa laini imeshanyonya unyevu. Iliyosagwa isikae muda mrefu.

6. Kiasi. Pale ale za Marekani za mtindo wa Sierra Nevada, kiwanda cha bia cha Chico, California, zinaihitaji kristali, sikatai. Lita 19 zikiwa na kilo 4.5 za kimea cha msingi, gramu 250 za kristali 20 ni kama asilimia 5, anzia hapo. Kwa IPA kavu (bia ya hopsi nyingi isiyo tamu) shuka hadi gramu 100, au iache kabisa. Ukiona bia imepwaya, kabla ya kugusa kristali panda kwanza nyuzi mbili kwenye joto la kuloweka, kutoka 65 hadi 67, uionje tena.