Gari ni kioo: kupiga picha za gari kwa flashi moja iliyo nje ya kamera

Wengi wanaoanza kupiga picha za magari kwa flashi hukwama palepale. Wanailenga flashi kwenye gari kama wanavyomlenga bibi harusi, kisha wanapata doa jeupe juu ya boneti na sehemu yote iliyobaki imezama gizani. Flashi haina kosa. Ngozi ya mtu hutawanya mwanga kila upande, lakini rangi ya gari imefunikwa na tabaka linalong'aa, na tabaka hilo linarudisha mwanga kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Kamera haioni sana mwanga ulioangukia bodi. Inaona vitu vinavyojitazama ndani ya bodi: anga, ukuta, nguzo ya umeme, na wewe mwenyewe na shati lako jeupe. (Vaa nguo nyeusi. Si mbwembwe, ni kazi.)

Rangi nyeusi ndiyo inayotesa zaidi, kwa sababu yenyewe haitawanyi karibu chochote, kwa hiyo unachopiga ni taswira za vitu vingine tu. Nyeupe inasamehe ila inaungua haraka. Kama unaweza kuchagua, jifunzie kwenye gari la silva.

Kabla ya kupiga fremu hata moja, tafuta kila sehemu ya bodi inatazama nini. Weka jicho lako pale ilipo lenzi, mwenzako azunguke gari ameshika simu yenye tochi iliyowashwa. Utaiona tochi ikitembea ndani ya rangi: inapanda fenda, inajivuta kwenye ukingo wa boneti, inapotea. Unapoiona ndipo doa la flashi litakapotokea. Hulitaki? Mwenzako asogee hatua moja moja mpaka tochi itoweke kwenye bodi huku rimu na tairi zikiendelea kupata mwanga. Unataka mng'ao wa kupita ubavuni? Asimame pale tochi inapoonekana mlangoni. Hapo ndipo mahali pa shuka.

Naam, shuka. Shuka jeupe la kitanda, lisilo na maua, lenye upana wa mita mbili au zaidi, linafanya kazi ambayo vifaa vya studio hufanya kwa bei ya kutisha. Flashi tupu ina uso mdogo kuliko kiganja, hivyo ndani ya rangi inaonekana kama nukta. Shuka lililomulikwa kwa nyuma linaonekana kama dirisha refu, na dirisha hilo likijivuta juu ya milango ndipo mtu anaona umbo la gari. Litundike kwenye kamba au kati ya mianzi miwili, sambamba na ubavu wa gari, na ulivute mpaka linyooke; mikunjo yote ya shuka utaikuta mlangoni. Flashi iweke nyuma yake mita 1.5 hadi 2, zumu yake kwenye 24, ili mwanga utoke mpana. Ukiibana sentimita 30 kutoka kwenye kitambaa utapata duara la mwanga katikati na pembe za giza, na gari litalionyesha duara hilohilo bila huruma. Ukingo wa chini wa shuka huonekana kwenye rangi kama mstari mkali. Pandisha au shusha shuka mpaka mstari huo ufuate mkunjo wa bodi unaopita kwenye vishikio vya milango, uonekane kama umechorwa kiwandani.

Kitambaa kinakula mwanga, hesabu stopu mbili au zaidi (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu): ulikotumia robo ya nguvu utahitaji nguvu yote. Upepo nao ni adui. Fungia dumu la lita 5 lililojaa maji kwenye kila stendi, na usiisimamishe stendi karibu na gari kuliko urefu wake yenyewe. Ikianguka, iangukie lami.

Vifaa vingine ni vichache. Flashi moja ya betri nne za AA inayobadilishwa nguvu kwa mkono, triga yake (kifaa cha kuifyatua kutoka kwenye kamera), stendi moja, na tripodi isiyotikisika. Betri za kuchaji za NiMH ni bora kwa sababu zinairudisha flashi haraka kuliko za kutupa. Hali ya TTL, ambayo flashi hujipangia nguvu yenyewe, izime kabisa. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye gari, na kwa kuwa gari ni kioo, hatua moja pembeni inatosha kuidanganya; fremu mbili zinazofuatana zitatofautiana bila sababu unayoiona.

Lenzi ya kati ya milimita 50 na 85 inalipa gari uwiano wake. Ukisogea karibu na lenzi pana, pua inavimba na nyuma inasinyaa. Kamera ikae kimo cha taa za mbele au chini kidogo, na usukani uugeuze ili kamera ione uso wa rimu, isione kashata za tairi.

Saa ndiyo inayowachanganya watu wa kwetu. Ushauri mwingi mtandaoni umeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, ambako machweo ya kiangazi yanajikokota. Karibu na ikweta jua linazama karibu wima: kuanzia linapogusa upeo una dakika 20 hivi za anga yenye rangi, na kwa makadirio mwanga unapungua nusu kila dakika tatu. Gari liwe limeshaoshwa, limekaushwa na limepangwa kufikia saa 11 jioni. Ardhi kavu yenye vumbi imwagie ndoo mbili tatu za maji. Lami iliyolowa inakuwa nyeusi na kuficha madoa ya mafuta.

Anza na anga pekee, flashi ikiwa imezimwa. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200, tundu la lenzi f/8, na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ibadilishe mpaka anga ionekane nyeusi kidogo kuliko unavyoiona kwa macho. Dakika kumi baada ya jua kuzama shata itakuwa karibu na 1/30 ya sekunde, kisha itashuka haraka mpaka sekunde nzima. Halafu washa flashi: robo ya nguvu, bila shuka, mita 3 kutoka kwenye gari. Kuanzia hapo kumbuka kwamba shata inatawala anga tu, wakati tundu na ISO vinagusa anga na flashi pamoja. Flashi ikizidi, punguza nguvu yake au isogeze. Ukiiweka mara mbili ya umbali, mwanga unabaki robo. Mizania ya rangi (white balance) ifunge kwenye 5500K. Ukiiacha ijiamulie, kila fremu itakuwa na rangi yake.

Flashi moja haiwezi kumulika gari zima kwa uzuri, na haina haja. Gari halikimbii. Piga fremu kumi hadi kumi na tano kamera ikiwa haijaguswa, flashi ikihamia sehemu baada ya sehemu: rimu ya mbele, rimu ya nyuma, ubavu, pua, paa, lami chini ya gari. Fokasi uiweke kwanza, kisha uizime ibaki kwa mkono, na kiimarishi cha lenzi kizime pia. Shata ibonyezwe kwa rimoti au kwa simu. Fremu ya anga itangulie, kwa sababu zinazofuata zitakuwa na anga yenye giza zaidi, na hilo litakufaa kwenye kompyuta.

Jambo moja huharibu kazi ya jioni nzima bila mtu kugundua: kufungua mlango kati ya fremu na fremu. Mtu akiingia au akitoka, gari linashuka na kupanda kwenye springi zake milimita kadhaa, na kingo zote zitaonekana mbilimbili. Geuza usukani, washa taa ndogo, weka flashi ya ndani, funga milango, ndipo uanze.

Kwenye kompyuta, pandanisha fremu kama tabaka, ya anga ikae chini kabisa, na zote za juu uziweke kwenye hali ya Lighten. Photoshop inayo, GIMP, ambayo ni ya bure, inayo pia kwa jina la Lighten only. Hali hiyo inachagua chenye mwanga zaidi kati ya tabaka, kwa hiyo mtu aliyevaa nyeusi anatoweka karibu mwenyewe. Stendi na doa lisilotakiwa vifute kwa maski, yaani kificho cha sehemu ya tabaka.

Rimu zinahitaji flashi iliyo chini, kimo cha katikati ya tairi, kutoka pembeni. Mpira unakula mwanga, rimu inaurudisha. Tairi ikionekana vizuri wakati rimu imeungua, tenganisha fremu mbili. Ndani ya gari lenye vioo vyeusi weka flashi ya pili kwenye sakafu ikitazama paa, nguvu 1/64. Huna ya pili? Taa ya paani inaweza kutosha, ukiipigia fremu yake yenye shata ndefu. Taa kubwa za mbele usiziwashe, zitafuta kila kitu kilicho karibu nazo.

Kibati cha namba kikitoka cheupe tupu huku gari likiwa sawa, flashi iko karibu mno na kamera. Kibati kimetengenezwa kurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Sogeza stendi mita mbili pembeni, namba zitasomeka. Ukanda mweusi ukitokea upande mmoja wa picha, shata imepita kasi ya kuoana na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Na kioo cha mbele kikijaa anga, filta ya polaraiza itaiondoa kwa gharama ya stopu moja na nusu hivi, ila pembe inayosafisha kioo cha mbele sio inayosafisha vya pembeni. Piga mara mbili, uizungushe katikati kwa vidole viwili bila kuisukuma kamera.