Mume Wangu Amekatazwa Kupiga Mbizi: Je, Nami Niache?

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi na mume wangu tumepiga mbizi pamoja kwa miaka 22. Yeye ana umri wa miaka 63, mimi 58, na daftari letu linaonyesha kwamba tumeshuka mara 412. Tumezoea ishara za chini ya maji kiasi kwamba hata leo, tukiwa ugenini, akiinua dole gumba najua ananiambia tuage, kwa kuwa huko chini dole gumba maana yake ni "tupande".

Mwaka jana alishuka akiwa na mafua yaliyokuwa yakielekea kuisha. Sikio la kushoto likakataa kuzibuka, akabana pua na kupuliza kwa nguvu, na papo hapo akashikwa na kizunguzungu. Nilipanda naye nikiwa nimeshikilia fulana yake ya kuelea. Daktari alisema kwamba utando mdogo wa sikio la ndani ulichanika. Uwezo wake wa kusikia umerudi kwa sehemu tu, mlio haujakoma, na ameambiwa asizamie tena. Yeye anashikilia kwamba katazo hilo ni la kina kirefu, na kwamba mita 5 hazina neno.

Tangu hapo nimeshuka mara moja, na mtu nisiyemfahamu. Mtungi ambao kwa kawaida hunifikisha dakika 50 ulifika kwenye akiba baada ya dakika 28. Niliporudi chomboni nilimkuta mume wangu amesimama ameshika taulo langu, nikashindwa kumtazama usoni. Je, mita 5 ni salama kwake? Mimi niache? Na vifaa vyake tuvifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana, na umfikishie shemeji pole zangu. Naanza na hizo mita 5, kwa sababu hapo ndipo penye hatari.

Naelewa zilikotoka. Kwa miaka 22 mmekuwa mkisimama kwenye kina hicho kwa dakika 3 kila mnapomaliza kuzamia, ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka polepole, na kwa mpiga mbizi hakuna mahali panapokumbukwa kwa utulivu kama pale. Lakini utulivu ule ni wa mtu anayerudi juu akiwa na masikio mazima. Kwa sikio lenye jeraha, mita chache za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Juu ya maji mwili hubeba mgandamizo wa hewa ya kawaida, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo mwingine wa kadiri hiyo hiyo. Hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio, isiposawazishwa, ikifika mita 10 hubanwa ikabaki nusu. Kutoka hapo hadi mita 20 hupungua kutoka nusu hadi theluthi, na kufikia mita 30 ni robo. Badiliko kubwa, basi, liko karibu na uso wa maji, na ndiyo maana mtoto huumwa sikio anapofuata sarafu kwenye sakafu ya bwawa la kuogelea. Kwenye mita 5 hewa hiyo imekwisha kupoteza theluthi ya ujazo wake, na shemeji atalazimika kubana pua na kupuliza, yaani kurudia tendo lile lile lililomchana.

Nalitaja tendo hilo kwa sababu wazoefu ndio huliendekeza. Mafua huvimbisha mrija unaounganisha koo na sikio, mrija ukagoma, na mtu aliyezamia mara mia nne hujiona anajua kuulazimisha. Nguvu ile ya kupuliza huongeza mgandamizo wa majimaji ya sikio la ndani mpaka utando uchanike. Ilitosha apande mita moja na kujaribu taratibu, au aikatize safari ile. (Siandiki haya kumlaumu, nami nimewahi kushuka na mafua, nikasalimika kwa bahati tu.)

Mwambie pia afikirie kizunguzungu kikimrudia huko. Nchi kavu mtu hushika ukuta. Ndani ya maji hajui juu ni wapi mpaka atazame mapovu yake yanakoelekea, na huenda akatapika ndani ya kifaa anachopumulia. Akitaharuki akakimbilia juu huku amezuia pumzi, hewa iliyo kifuani kwake itatanuka kwa nusu nzima kutoka mita 5 tu, na hiyo inatosha kupasua pafu. Wapo waliopata jeraha kama lake wakaruhusiwa kuzamia tena baada ya kupona, lakini ruhusa hiyo hutolewa na daktari aliyelichunguza sikio lenyewe, na wa kwake amekataa. Anachoweza kumwomba ni idhini ya kuelea juu ya maji kwa barakoa na mrija wa kupumulia, bila kuzamisha kichwa.

Sasa wewe. Ile hewa iliyokwisha upesi inaeleza mengi. Mtungi wa lita 12 ulioshindiliwa hewa hadi mgandamizo mara 200 ya ule wa kawaida una hewa lita 2,400. Mtu mtulivu anayevuta lita 15 kwa dakika akiwa juu atavuta 30 akiwa mita 10, na mtungi wote, akiba ikiwemo, utamfikisha dakika 80. Mwenye wasiwasi anayevuta lita 25 ataumaliza kwa dakika 48. Wewe ulikuwa ukigeuka kila mara kumtafuta mtu asiye mumeo. Mwili ulikuwa hapo, akili ilikuwa chomboni. Kwa hiyo sikushauri uache sasa, na sikushauri ushuke sasa.

Kanuni mliyofundishwa inasema kwamba yeyote anaweza kukatiza uzamiaji kwa sababu yoyote, bila kuulizwa, na mwenzake hupanda naye. Sababu ya mwenzake kupanda ni kwamba kila mmoja ni akiba ya hewa ya mwingine. Nchi kavu shemeji hahitaji hewa yako, na ukiacha kwa ajili yake utamtwisha deni ambalo hakuliomba. Ila kwa jinsi unavyoeleza, yeye mwenyewe bado hajainua dole gumba: anajadili mita. Mketi, umwombe aseme waziwazi kwamba amemaliza. Asiposema, usishuke, kwa sababu nina hakika siku moja atakufuata. Akisema, tafuta mwenzi mmoja wa kudumu, mwanze naye kwenye kina kifupi, na kabla ya hapo upimwe shinikizo la damu na moyo, maana kwa waliovuka miaka 50 moyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo majini.

Vifaa havina ugumu. Mitungi isikae mitupu kabisa. Iachiwe hewa kidogo ili unyevu usiingie, na anayeinunua aelezwe tarehe ya kipimo cha mwisho cha mgandamizo, ambacho katika nchi nyingi hufanywa kila baada ya miaka 5. Kifaa cha kupumulia kipelekwe kwa fundi kwanza, kwa kuwa mipira yake huchakaa hata kikiwa kabatini. Barakoa yake usihangaike kuiuza, imekaa kwenye uso mmoja kwa miaka mingi mno.

Daftari mpe yeye. Ukitoka majini ukiwa bado unachuruzika, akuulize kina, dakika na hewa iliyobaki, aandike kwa mkono wake namba 414. Ile 413, ya dakika 28, nadhani bado hamjaiandika.