Kusuka kwa ajili ya ukuta: ushauri kwa wanaoanza sanaa ya ukindu, mkonge na lubugo

Wengi wanaoingia kwenye sanaa ya nyuzi huanza na mchoro. Wanachora kitu cha mita tatu, wanapanga rangi kwenye karatasi, halafu ndipo wanatafuta ukindu, yaani majani makavu ya mkindu. Afadhali uanze upande wa pili. Nunua kwanza mafungu mawili ya ukindu, kaa nayo, chana, chemsha, suka hata nusu mita ya ukili (mkanda mrefu wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka), ndipo ukae kuchora. Ukindu una upana wake, una mkunjo unaoukubali na mkunjo unaouvunja, na kazi nyingi zinazoharibika ukutani ziliharibika siku ya kuanika.

Sanaa hii sasa ina nafasi yake duniani, kwa hiyo makosa ya maandalizi yanaonekana mbali. Mwaka 2022 Uganda ilipokuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice, wasanii wake Acaye Kerunen na Collin Sekajugo walitunukiwa kutajwa kwa heshima. Kerunen huchukua kazi zilizosukwa na akina mama kwa raffia, nyuzi za migomba, matete na minazi, akazifumua na kuziunga upya kuwa maumbo makubwa. Kwenye banda la Kenya mwaka huohuo alikuwamo Dickens Otieno, ambaye hukata makopo ya soda kuwa vipande vyembamba na kuvifuma kama kitambaa. Wote wawili wanategemea jambo ambalo msukaji wa mkeka analijua tangu utotoni: jinsi vipande vyembamba vinavyoshikana.

Tuanze na ukindu wenyewe. Ulio mzuri hutoka kwenye kuti changa la mkindu, lile la katikati ambalo bado limefumba. Mkindu hutoa mashina mengi kwenye kichaka kimoja; kata kuti moja kwa kila shina, usirudie shina hilohilo mpaka litoe jipya. Kuti lililokwisha kufunguka limekomaa, kijani chake hakitoki vizuri na likikauka huvunjika kwenye mkunjo. Anika juani juu ya uchanja au kamba, kamwe si juu ya udongo, na uingize ndani kabla ya magharibi. Umande wa usiku mmoja unatosha kuacha vidoa vya kijivu vya ukungu, na vidoa hivyo vitajitokeza hata chini ya rangi, hasa njano na nyekundu isiyokolea. Ukindu uko tayari ukiwa mweupe wa maziwa mpaka kwenye shina la jani. Kama pale chini bado pana kijani, ndani mna maji, na fungu ukilifunga hivyo litavunda.

Miyaa, yaani majani ya mkoche, ni mipana na migumu zaidi. Inafaa makapu, majamvi na maumbo yanayotakiwa kusimama yenyewe bila fremu. Usichanganye miyaa na ukindu katika ukili mmoja, maana kila kimoja hunywea kwa kiasi chake na ukili utajikunja upande mmoja.

Kuchana: toa uti wa kati kwanza, kisha pasua kwa ukucha au ncha ya sindano kufuata mshipa wa jani. Kwa kazi ya ukutani, chane (vipande vilivyochanwa) za milimita 3 hadi 4 zinatosha; za milimita 2 hupendeza kwenye msala, lakini kwa kazi kubwa zitakumalizia miezi na mtazamaji aliyesimama hatua tatu nyuma haoni tofauti. Ziwe sawa kwa upana. Chane moja iliyo pana kuliko wenzake itaonekana kama mstari kwa urefu wote wa ukili, na hakuna namna ya kuificha.

Rangi ndipo wageni wanapoharibu zaidi. Jani la mkindu lina nta juu yake, na rangi ikikutana na nta hubaki usoni, kisha huchujuka mikononi. Chemsha chane kwa maji na sabuni ya mche kidogo kwa nusu saa, suuza, ndipo utie rangi. Kwa kilo moja ya ukindu mkavu tumia lita 20 za maji na sufuria kubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa ukindu hujaa nafasi, na ule uliobanwa hutoka na mabaka. Chovya kiasi chote cha rangi moja kwa siku moja. Sufuria ya pili haitafanana na ya kwanza hata ukipima poda kwa mizani. Kama lazima uchovye mara mbili, changanya mafungu yote mawili chane kwa chane kabla ya kusuka, ili tofauti ienee kote isikusanyike upande mmoja.

Ukitaka rangi za mimea, pwani zipo: manjano kwa njano, mzingefuri kwa rangi ya chungwa, gome la mkoko kwa kahawia nyekundu, mizizi ya mdaa kwa nyeusi. Gome la mkoko ndilo la kuaminika zaidi kwa sababu lina tanini nyingi, kemikali ya asili ya magome, na tanini hushika vizuri kwenye nyuzi za mimea. Manjano hung'aa siku ya kwanza, lakini kwenye mwanga wa dirisha huanza kufifia ndani ya siku chache. Shabu (alum) husaidia kidogo tu. Kwa rangi nyingine za mimea, chovya ukindu kwanza kwenye maji ya gome lenye tanini, uache usiku kucha, kisha kwenye shabu, gramu 100 hadi 150 kwa kilo ya ukindu mkavu, ndipo uingie kwenye rangi. Gome la mkoko lenyewe lipate kwa mtu mwenye ruhusa ya kukata mikoko. Mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lote hufa, na misitu ya mikoko ina sheria zake.

Angalizo kuhusu nyeusi: ukipata nyeusi kwa kuchanganya tanini na chuma, iwe kwa misumari yenye kutu au kwa tope la chuma, rangi itakuwa nzito na ya kuvutia, lakini mchanganyiko huo hula nyuzi polepole. Kwenye makusanyo ya zamani ya makumbusho, nyuzi nyeusi za namna hiyo ndizo huwa za kwanza kukatika. Itumie kwa mistari ya mapambo. Usiipe sehemu inayobeba uzito.

Kabla hujaamua rangi yoyote, fanya jaribio la mwanga. Suka kipande cha kiganja, funika nusu kwa karatasi nyeusi nzito, bandika kwenye dirisha linalopata jua, ondoa baada ya wiki nne. Jaribio hili halina gharama, na ndilo linalorukwa kuliko yote.

Kusuka kunahitaji unyevu wa kiasi. Zifunge chane kwenye kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa, uziache saa moja au mbili, ziwe laini bila kudondosha maji. Chane iliyolowa chepechepe imevimba. Ukiisuka hivyo ukili utaonekana umebana, na kesho yake ukikauka utakuta mianya inayopitisha kidole. Iliyokauka sana hupasuka kwenye mkunjo wa pembeni. Anza na chane 7 au 9. Chane ikibaki shubiri moja, laza mpya juu yake, zisukwe pamoja mikato minne au mitano, kisha acha ya zamani itokee upande wa nyuma. Usiunge pembeni kabisa, na usiunge mbili mahali pamoja: hapo ukili unavimba, na mvimbo huo hujitokeza mara tu taa ya ukumbi inapomulika kutoka juu.

Hesabu ya ukili ifanywe kabla. Tuseme unataka kipande cha upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2, na ukili wako una upana wa sentimita 5. Mshono hula karibu nusu sentimita, kwa hiyo kila ukili unachangia sentimita 4.5. Utahitaji kili 34. Kila moja ipe urefu wa mita 2.2 ili kubaki sentimita 10 juu na 10 chini. Hiyo ni kama mita 75. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa hasara, inakuwa mita 82, karibu pima 46 (pima moja ni kama mita 1.8). Mpe fundi hesabu kwa pima na kwa idadi ya chane. Wasukaji wengi hutaja upana wa ukili kwa chane, na ukiwaletea sentimita peke yake, kila mmoja atarudisha upana wake.

Acha ukili ukauke siku mbili au tatu kabla ya kushona. Shona kwa shazia (sindano kubwa ya mikeka) na uzi wa ukindu au wa mkonge mwembamba, ukipenya kwenye vipindo vya pembeni pekee. Kosa la kawaida hapa ni kuvuta ukili mmoja zaidi ya mwenzake. Kwenye kili mbili huoni kitu; ukifika ya kumi, kipande kimepinda na hakilali chini. Dawa yake ni kuweka alama kwa chaki kila sentimita 20 kwenye kili zote mbili na kuzikutanisha alama kwa alama. Ukiona alama zimeachana kwa zaidi ya nusu sentimita, fumua palepale. Ukitaka kukata ukili popote, shona kwanza mistari miwili kukatiza upana, iachane sentimita moja, kisha kata katikati yake.

Mkonge una tabia tofauti. Hupokea rangi kwa urahisi na hubeba uzito mkubwa, ndiyo maana wasanii wa kazi kubwa huupenda. Magdalena Abakanowicz wa Poland alipofuma maumbo yake makubwa ya miaka ya 1960, alitumia sana mkonge, mwingine akiupata kwa kufumua kamba kuukuu. Jambo la kushika ni msokoto: nyuzi mbili zisokotwe kila moja kuelekea upande mmoja, kisha ziunganishwe kwa kusokotwa upande wa pili. Zikisokotwa zote upande mmoja, kamba itajifungua yenyewe ikining'inia, na kazi yako itazunguka polepole mbele ya watazamaji.

Lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Buganda, Uganda, hakifumwi. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, shina likafungwa majani ya migomba ili liote gome jipya, kisha gome likapigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, kuanzia mistari mipana hadi myembamba, chini ya kibanda kilicho wazi ili lisikauke haraka. Ufundi huu ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Msanii wa Uganda aitwaye Sanaa Gateja amejulikana kwa kushonea shanga za karatasi juu yake. Ukitaka kujaribu, kumbuka nyuzi za gome hukimbilia upande wa urefu wa shina. Mshono wenye vitundu vya karibu karibu unaofuata upande huo utapasuka kama karatasi ya stempu. Shona kwa kukatiza nyuzi au kwa mshazari, acha milimita 5 kati ya kila tundu, na utie kitambaa cha pamba nyuma kabla ya kuongeza shanga. Usiloweke wala kusugua. Vumbi liondolewe kwa brashi laini.

Sasa kutundika. Pima uzito kwa kukata sampuli ya sentimita 20 kwa 20, iweke kwenye mizani ya jikoni, zidisha mara 25, upate uzito wa mita moja ya mraba. Fundi wa ukumbi atakuuliza namba hiyo. Usitundike kwa misumari kwenye pembe: uzito wote utaangukia chane chache na katikati patalegea. Shonea pindo la turubai upande wa nyuma kwa urefu wote wa juu, pitisha bomba au ubao, mzigo ugawanyike sawa. Acha sentimita 3 hadi 5 kati ya kazi na ukuta ili hewa ipite, hasa pwani. Itundike karakana siku 14 kabla ya kuipeleka. Itashuka kidogo, na ni heri ishuke mbele yako ukiwa na shazia mkononi.

Kwa safari, viringisha juu ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, uso ukiwa nje. Usikunje. Wadudu wa mbao na nondo husafiri ndani ya nyuzi, kwa hiyo funga kazi kwenye plastiki isiyopitisha hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi joto -20 kwa wiki moja, kisha iache saa 24 nje kabla ya kufungua plastiki, la sivyo umande utatua juu ya kazi yenyewe na kuleta ukungu. Kuvuka mipaka kwa kitu cha mmea huenda kukahitaji cheti cha afya ya mimea; ulizia mapema, maana mkaguzi huangalia mzigo kabla ya kufungwa.

Kuhusu mafundi wako. Lipa sampuli kama kazi, hata usipoitumia. Patana bei kwa pima ya ukili wa chane fulani, na bei ya ukili wa rangi iwe tofauti na ya ule usio na rangi, kwa sababu ukili wa mapambo huchukua muda mrefu zaidi. Mweleze bibi au mama anayesuka kwamba kitu kitatundikwa ukumbini na kuuzwa kwa bei ya sanaa, akipange bei yake akijua hivyo. Andika majina yao kwenye lebo ya kazi, kwa ridhaa yao. Ukiletewa ukili ambao haukukaa ulivyotaka, tazama kwanza kipimo ulichompa fundi.

Na kila kazi inayoondoka iambatane na bahasha ya chane 20 za kila rangi, kutoka sufuria ileile, pamoja na shazia moja na mita mbili za uzi. Chane ikikatika njiani, msukaji yeyote aliye karibu na ukumbi anaweza kupenyeza mpya juu ya ile iliyokatika bila kufumua kitu.