Dirishani wanasema "bima imekataa". Imekataa nini?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mama yangu ni mtegemezi kwenye bima yangu ya kazini. Amelima mpunga maisha yake yote, na sasa ni mwezi wa tatu ana maumivu ya kiuno yanayoshuka mguu wa kushoto. Daktari wa mifupa ameandika kipimo cha MRI, ile mashine kubwa ya kupiga picha ya ndani ya mwili. Wiki ya kwanza dirisha la bima la hospitali walisema mtandao unasumbua. Wiki ya pili wakasema kadi ina tatizo, inaonyesha mama amezaliwa 1985 wakati ni 1958. (Mimi mwenyewe ni wa 1984, kwa hiyo kwa mujibu wa kadi nimemzidi mama mwaka mmoja!) Nikampelekea ofisa utumishi wetu kopi ya kitambulisho cha NIDA, akasema ameshatuma kwa bima. Wiki ya tatu naambiwa "bima imekataa, labda ulipe taslimu". Nikipiga simu bima, wanasema hawaoni kitu walichokataa, niwaulize hospitali. Nimekwenda mara sita, na mara zote mama yuko kwenye bajaji anauma meno kila tukivuka tuta. Nani ana kosa? Nilipe tu yaishe?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Dada, pole kwa kuuguza. Kabla sijagusa habari ya bima, muulize mama mambo matatu leo hii. Mkojo au haja kubwa vinamtoka bila kujijua, au mkojo umegoma kutoka? Ana ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli? Mguu unazidi kuishiwa nguvu, kandambili inavuka bila yeye kuhisi? Akijibu ndiyo hata kwa moja, achana na dirisha, mpeleke idara ya dharura. Huenda mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo imebanwa, na hapo zinahesabiwa saa, si wiki. Dharura haingoji kibali, yaani ruhusa ya bima kabla ya huduma. Mgonjwa anahudumiwa kwanza, na hospitali ndiyo inayoiarifu bima. Mimi si daktari. Nilihakiki madai upande wa bima, kisha nikahamia dirisha la hospitali. Lakini maswali haya nimeyashika kichwani, kwa sababu sisi wa dirishani ndio tunaowaambia watu "njoo kesho".

Kama majibu yote ni hapana, tuingie kwenye shida yako.

"Bima imekataa" ni maneno yanayobebeshwa mzigo mkubwa mno. Mhudumu wa dirishani huyatumia kwa mambo manne yasiyofanana hata kidogo: ombi la kibali halijatumwa kabisa, limetumwa na bado linasubiri mhakiki wa bima, limerudishwa kwa sababu kuna kitu kimepungua, au limesomwa na kukataliwa kweli. La kwanza linamalizwa pale pale dirishani. La tatu linamalizwa na daktari. Ni la nne tu ndilo la kubishana na bima. Watu wengi niliowahudumia walikuwa wakigombana na bima kwa ombi ambalo bima haijawahi kuliona.

Na wewe nakuona humo. Bima wanasema hawaoni kitu walichokataa. Sidhani wanakukwepa. Wiki ya pili taarifa za mama zilikuwa na kosa, na mfumo mwingi haumruhusu mhudumu kutuma ombi la mwanachama ambaye taarifa zake haziwiani. Skrini inaonyesha maandishi mekundu, mhudumu anaandika pembeni ya fomu "imekataa", fomu inaingia kwenye lundo. Zamu ikibadilika, mwenzake anaikuta fomu imeandikwa hivyo, naye anakwambia hivyo hivyo. Nikilazimishwa kubashiri, nasema tangu wiki ya pili hakuna aliyelituma ombi lako upya.

Kwa hiyo ukirudi, usiulize "vipi, imepita?" Swali hilo jibu lake ni ndiyo au bado. Sema hivi: "Naomba namba ya ombi la kibali la mama, tarehe lilipotumwa, na unisomee sababu kama ilivyoandikwa kwenye skrini." Halafu nyamaza, toa kalamu. Hakuna namba, basi hakuna ombi. Ikiwepo, iandike, kisha piga simu bima ukiwa umesimama pale pale dirishani, uwatajie namba hiyo badala ya jina la mama. Mambo yanabadilika ndani ya dakika tano pande mbili zikiwa zinasikiana. Nenda asubuhi katikati ya wiki. Jumatatu dirisha la bima ni kama stendi ya Msamvu mkesha wa sikukuu.

Sasa hiyo tarehe ya kuzaliwa. Tarakimu mbili zimepishana, kosa la kidole tu, lakini linaishi sehemu zaidi ya moja, na hapa ndipo watu hukwama. Kadi ya plastiki haina neno, ni picha tu ya kilichomo kwenye mfumo. Kosa linaweza kuwa limeanzia kwenye fomu uliyojaza mwenyewe, au kwenye orodha ya wafanyakazi na wategemezi anayoitunza ofisa utumishi wenu, au kwa karani wa bima aliyeingiza. Ukirekebisha upande wa bima peke yake na orodha ya ofisini ikabaki na 1985, siku ofisi itakapotuma orodha mpya kosa linafufuka. Nimewaona watu wakirekebisha jina moja miaka mitatu mfululizo, kila mkataba ukihuishwa.

Muombe ofisa utumishi mambo mawili. Kwanza akuonyeshe, kwa macho yako, mstari wa mama kwenye orodha yake. Pili akupe nakala ya barua pepe aliyotuma bima na jibu alilopata. "Nimeshatuma" si ushahidi wa kitu. Barua pepe nyingi za namna hiyo hujibiwa na bima siku ile ile kwamba kiambatisho hakifunguki, na hakuna anayelisoma jibu. Chukua pia namba ya NIDA ya mama na uilinganishe. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ikianza na 1958, una hoja isiyopingika. Ikiwa NIDA kwenyewe kumekosewa, jambo linalowapata sana wazee wetu, usihangaike na bima kwanza. Itabidi urekebishe huko NIDA, na safari hiyo ni ndefu zaidi. Majina nayo yaangalie herufi kwa herufi: Mwanahamisi na Mwanaamisi kwa kompyuta ni watu wawili.

Ukiwa huko ofisini, hakikisha michango yenu inafika. Hati yako ya mshahara inaonyesha kilichokatwa, haionyeshi kilichopelekwa. Kwa mfano NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mtumishi wa umma anachangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa yeye na nusu anatoa mwajiri. Mwajiri akichelewa, ni wewe utakayeambiwa kadi haisomi.

Tuseme yote hayo yamenyooka na ombi limetumwa. Bado linaweza kurudi, na hapa nasema kama mtu niliyekuwa nikiyarudisha. Mhakiki hamuoni mama yako. Anaona fomu. Nikipokea fomu ya MRI ya mgongo imeandikwa herufi tatu za kifupisho cha maumivu ya kiuno na alama ya kuuliza, na namba ya ugonjwa M54.5, naandika "taarifa hazitoshi" na kupokea inayofuata. M54.5, katika orodha ya kimataifa ya ICD-10, maana yake ni maumivu ya kiuno, basi. Kiuno hicho tunaumwa wote, wengi wetu tunapona bila MRI, na miongozo ya tiba inashauri mgonjwa asiye na dalili za hatari atibiwe kwanza kama wiki sita kabla ya kipimo kikubwa.

Lakini wewe umeniandikia kwamba maumivu yanashuka mguuni. Je, fomu inasema hivyo? Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni yana namba yake, M54.4, na diski ya uti wa mgongo iliyobana mzizi wa neva ina yake, M51.1. Mstari kama huu ndio uliokuwa unanifanya nibonyeze "pitisha": maumivu wiki 12, yanashuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba, nguvu ya kunyanyua kidole imepungua, ametumia dawa na mazoezi ya viungo wiki 7 bila nafuu, eksirei imefanyika. Mstari mmoja tu! Daktari huwa anayajua yote hayo, yamo kwenye faili. Ila siku ile ana wagonjwa hamsini nje, akaandika kifupisho. Mrudie kwa adabu: "Daktari, bima wanasema taarifa hazitoshi, naomba utuongezee historia ya mguu na matibabu aliyokwisha kupata." Hatakasirika. Usimwombe aandike ugonjwa ambao mama hana ili ombi lipite haraka. Huo ni udanganyifu, na siku ya upasuaji fomu hiyo itafukuliwa.

Kama mama aliwahi kutibiwa kwingine, kwenye zahanati au kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, peleka karatasi zile hata kama zimekunjamana. Mhakiki anazihesabu wiki.

Kulipa taslimu? Siwezi kukukataza, ni mgongo wa mama yako. Lakini usilipe ukidhani utarudishiwa. Kwa kipimo kinachohitaji kibali, bima nyingi hazirudishi fedha kikifanyika bila kibali, hata uwe na risiti nzuri namna gani. Uliza kabla, upate jibu kwa maandishi. Na ukiamua kulipa, angalia na mahali pengine. CT, mashine nyingine ya picha za ndani ya mwili, imefika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, lakini MRI bado iko sehemu chache, na bei hutofautiana sana kati ya hospitali na hospitali. Kwa kipimo hiki na hali uliyoieleza, kama mama hana zile dalili tatu, mimi ningevumilia wiki moja zaidi niisukume karatasi. Ningesema vingine kama ingekuwa ultrasaundi ya ujauzito ya kuangalia maumbile ya mtoto, ambayo ina wiki zake na zikipita zimepita, au kinyama kilichokatwa kupima saratani. Hapo ningekopa.

Ukiona wiki hiyo nayo imepita na una namba ya ombi mkononi, andika malalamiko. Barua fupi: namba ya uanachama, namba ya ombi, tarehe ulizokwenda, ulichoambiwa kila siku, unachotaka. Bila matusi, na bila hadithi ya bajaji, ingawa najua inauma. Kama ni NHIF, ipeleke ofisi yao ya mkoa. Kama ni kampuni binafsi, ianzie kwao, na wasipokujibu kuna TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kwa ile tarehe ya kuzaliwa, kama wanazungushana, taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na hiyo inamhusu mwajiri wako kama inavyoihusu bima. Sentensi hiyo moja nimeona ikifungua makabati yaliyokuwa "funguo anazo bosi".

Kibali kikitoka, kisome hapo hapo kabla hujaondoka. Jina, sehemu ya mwili, upande, jina la kituo, tarehe ya mwisho. Mwenyewe niliwahi kumtumia mzee mmoja ombi la goti la kulia wakati bovu ni la kushoto. Kibali kikaja na "kulia", mtaalamu wa mashine akakataa kumpima, na alikuwa na haki. Tukaanza upya, siku saba zaidi, kwa herufi chache nilizokosea nikiwa nawahi chai.

Na mwache mama nyumbani. Kufuatilia kibali mara nyingi hakumhitaji mgonjwa, anatosha mtu mwenye kopi ya kadi na kitambulisho. Uliza tu kwa simu kama watataka alama ya kidole, na siku hiyo awe amepakwa mafuta kidogo vidoleni kisha akafuta vizuri. Vidole vilivyolima miaka mingi huwa havisomi vikiwa vikavu, na sipendi safari ya saba iharibikie hapo.