Spana ya toki na pikipiki yako: nunua ndogo kwanza

Anayeanza kujitengenezea pikipiki nyumbani huogopa kitu kulegea njiani. Kwa hofu hiyo hukaza, hurudia kukaza, na mwisho huchomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana. Wakati huo huo injini karibu yote ni alumini, na bolti ni chuma. Chuma kikizidishwa nguvu ndani ya alumini, uzi unakufa, na kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya kutafuta fundi wa kuchonga. Kazi ya spana ya toki ni kukwambia uache: unaiwekea namba ya toki, yaani nguvu ya kuzungusha bolti, na nguvu ikifika hapo inalia "ka".

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Spana inayouzwa sana ni ile kubwa ya nusu inchi (upana wa kichwa chake cha mraba kinachoingia kwenye soketi), yenye kipimo cha Nm 28 hadi 210 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha toki), kwa sababu inafaa nati za tairi za gari. Sasa itazame pikipiki ya cc 100 au 150: kava la klachi, kava la magneti, kava la tapeti, vyote vimeshikwa na bolti za milimita 6 zinazotaka Nm 10 hadi 12. Spana ile hata haifiki chini hivyo. Hata ya Nm 10 hadi 110 haikufai hapo. Watengenezaji wengi huahidi usahihi wa asilimia 4 juu au chini, ila kuanzia asilimia 20 ya kipimo cha juu kabisa. Kwa spana ya 110, hiyo ni kuanzia 22. Ukiiweka 10, mlio wake ni hafifu kiasi kwamba mkono hauusikii. Unaendelea kuvuta ukisubiri "ka", na kinacholia ni bolti ikikatika.

Kwa hiyo anza na ya robo inchi, Nm 5 hadi 25. Ya pili iwe ya inchi tatu kwa nane, Nm 20 hadi 110, kwa ajili ya ekseli, sproketi na bolti za kufungia injini kwenye fremu. Ukiwa na hizo mbili, ile ya nusu inchi utaihitaji mara chache sana.

Namba za kukazia zimo kwenye kitabu cha matengenezo cha pikipiki yako, na hicho ndicho chenye neno la mwisho. Pale ambapo kitabu hakitaji bolti fulani, hutumika jedwali la kawaida. La Honda, kwa mfano, linaipa bolti ya milimita 5 Nm 5, ya 6 Nm 10, ya 8 Nm 22, ya 10 Nm 34, na ya 12 Nm 54. Hapa wageni wengi huteleza. Namba hizo ni unene wa bolti penye uzi, wala si ukubwa wa kichwa. Gereji ukiambiwa "lete kumi", unaletewa spana ya kichwa cha 10, na bolti yenye kichwa hicho kwa kawaida ni ya milimita 6. Ukisoma mstari wa 10 kwenye jedwali, utaipa Nm 34 bolti inayostahili 10. Pima uzi kwa rula au kalipa kabla hujagusa spana.

Vipimo navyo vina mtego. Vitabu vingine huandika kg-m, yaani kilo-mita. Zidisha kwa 9.8 upate Nm, kwa hiyo 2.0 kg-m ni karibu Nm 20. Spana nyingi zina mistari ya aina mbili, Nm upande mmoja na lb-ft (pauni-futi) upande wa pili. Lb-ft 1 ni Nm 1.36. Ukitaka Nm 25 ukaiweka upande wa lb-ft, umekaza Nm 34.

Kuiweka spana si kazi ngumu ukishaielewa. Legeza kifungo cha mwisho wa mkono wa spana, kisha zungusha mkono huo, ambao una namba zake ndogo kuanzia sifuri. Kwenye ile ya 28 hadi 210, mistari ya mwilini hupanda kwa 14: 28, 42, 56, 70. Ukitaka 60, peleka ukingo wa mkono kwenye 56 huku sifuri yake ikikaa kwenye mstari wa wima, halafu ongeza 4 za mkononi. Funga kifungo. Bolti zote zianze kwa vidole, mizunguko mitatu minne. Ikikataa vidole, uzi umepishana au una uchafu, na spana haitakusaidia chochote. Sogeza kwa racheti ya kawaida mpaka iguse, ndipo uchukue ya toki. Shika katikati ya mpini, vuta polepole bila kukurupuka. Ikilia mara moja, acha. Kuna mazoea ya kuiliza mara mbili au tatu "kwa uhakika"; kila mlio wa ziada unaongeza kidogo, na kwenye bolti ya milimita 6 hicho kidogo ni kingi.

Usijaribu pia kupima bolti iliyokwisha kukazwa. Iliyotulia hung'ang'ania, kwa hiyo spana italia kabla bolti haijasogea, nawe utadhani iko sawa. Ilegeze nusu mzunguko, ikaze upya. Na kulegeza kwenyewe tumia spana nyingine. Hii si ya kufungulia nati zenye kutu.

Jambo linalowashangaza wengi: sehemu kubwa ya nguvu unayotia huishia kwenye msuguano wa uzi na wa chini ya kichwa cha bolti, na karibu sehemu moja tu kwa kumi ndiyo inayobana vitu. Ukipaka oili au grisi, msuguano unapungua, na kwa namba ile ile bolti inavutwa zaidi. Namba za kitabu ni za uzi mkavu na safi, isipokuwa kitabu kiseme utie oili. Brashi ya waya na tambara lenye petroli kidogo vinatosha kuandaa uzi wa bolti. Mashimo yaliyozibwa upande wa pili yakaushe kabisa; oili iliyobaki chini haina pa kwenda, na inaweza kupasua alumini bolti inaposhuka.

Plagi ikazwe injini ikiwa baridi. Kwa hedi ya alumini na uzi mkavu, plagi ya milimita 10 inataka Nm 10 hadi 12, ya 12 inataka 15 hadi 20, na ya 14 inataka 25 hadi 30. Kama spana haiingii mahali pale, ifikishe kwa vidole mpaka mwisho, halafu plagi mpya yenye washa yake izungushe nusu mzunguko. Iliyowahi kutumika washa yake imeshalala, hivyo inatosha kama mshale wa saa unapotoka 12 kwenda 1.

Bolti ya kumwagia oili ndiyo inayoua kasha nyingi za injini, na chanzo mara nyingi ni washa. Washa ya shaba au alumini ikishabanwa huwa ngumu na bapa, haizibi tena. Oili inatona, mwenyewe anakaza, inatona, anakaza zaidi. Weka washa mpya kila unapobadilisha oili, kaza kwa namba ya kitabu, utaona imekauka. Uzi ukishakufa, dawa ni koili ya uzi, yaani waya uliosokotwa unaowekwa shimoni kuwa uzi mpya, iliyofungwa na mtu mwenye vifaa vyake. Bolti nene inayolazimishwa kwa nguvu itapasua kasha, na gundi ya chuma itakuacha safarini.

Ekseli ya nyuma ina mpangilio wake. Rekebisha cheni kwanza, hakikisha alama za pande zote mbili ziko sawa, kaza nati kwa namba yake, kisha pima ulegevu wa cheni tena, kwa kuwa ekseli husogea kidogo wakati wa kukaza. Ikiwa nati ina meno ya kupitisha pini na tundu halijalingana, songa mbele mpaka jino linalofuata. Usirudi nyuma. Pini iwe mpya. Inauzwa bei ya peremende.

Nati za hedi hukazwa kwa msalaba na kwa awamu. Kama mwisho ni Nm 22, zungukia zote kwa 10, kisha 16, ndipo 22. Ukimaliza moja kabisa kabla ya nyingine, hedi inainama na gasketi inapitisha moshi upande mmoja.

Kijiti cha kurefusha kinachosimama wima kati ya spana na soketi hakibadilishi namba. Kinachobadilisha ni kile kinachorefusha mkono kwenda mbele, kama kichwa cha spana wazi. Hapo zidisha namba kwa urefu wa spana, ugawe kwa urefu wa spana pamoja na nyongeza. Unataka Nm 30, spana ina sentimita 25, nyongeza 3: weka 26.8. Nyongeza ikikaa pembe mraba na spana, acha namba ilivyo.

Kabla ya kuihifadhi, rudisha mkono kwenye namba ya chini kabisa ya mistari, bila kupita chini yake, ili springi isichoke. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, usiiamini mpaka uipime, na kupima ndogo kunawezekana nyumbani. Bana kichwa chake cha mraba kwenye jiliwa, spana ikae mlalo. Jaza maji kwenye kidumu mpaka mizani isome kilo 5 pamoja na kidumu chenyewe, kining'inize kwa kamba katikati ya mpini, na upime umbali kutoka katikati ya mraba hadi kamba. Ukiwa sentimita 20, hiyo ni Nm 9.8, karibu sawasawa na ya bolti ya milimita 6. Uzito wa spana yenyewe huongeza kama nusu Nm. Anza na 8, shusha kidumu taratibu kisiruke, italia. Panda kidogo kidogo mpaka iache kulia. Ikiacha kati ya 10 na 11, ni nzima. Ikiacha kwenye 8.5 au 12, andika tofauti hiyo kwa kalamu kwenye kasha lake, au ipeleke ikarekebishwe.